NAMNA GANI MTU ANAWEZA KUJIFUNZA KUPASUA MOYO, NA MWALIMU WAKE IKO MBALI?



Katika kalasi yetu ya mwisho ukiuliza watu, "Nyuma ya diploma utafanya nini?", wengi wa Biokimia wanajibu: "Nitakuwa munganga." Jibu hilo ni zuri. Lakini uliza tena, "Munganga wa kitu gani?" Wa watoto, wa macho, wa wajawazito, hao utawapata. Wa kupasua moyo hautamwona hata mmoja. Wanafunzi wanaona kazi ile ni ya watu wa miji mikubwa sana. Wanasema: "Sisi tuko Kirungu. Nani atatufundisha?"

Nataka kueleza hapa kwamba siku hizi sehemu moja ya kazi ile, yaani kuzoeza mikono, inaweza kufundishwa toka mbali, kwa vyombo vya mazoezi na telefone. Nitaeleza pia mahali ambapo mafunzo ya namna hiyo yanafika mwisho, maana kusifu kitu bila kutaja mipaka yake ni kudanganya watu.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINATUGUSA

Moyo wa mtu unalingana na ngumi yake. Kwa siku moja unapiga karibu mara 100,000. Ndani iko na vyumba vinne, na milango minne midogo inayoitwa vali. Kazi ya vali ni kuachilia damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ni sawa na pampu ya kinga: ukisukuma, upepo unaingia katika gurudumu, ukivuta, upepo haurudi.

Sasa angalieni hila ya ugonjwa. Mtoto anaumwa koo. Mara nyingine ndani ya koo mna vijidudu vinavyoitwa streptokoki. Watu wa nyumbani wanasema, "Ni mafua tu, itapita." Na kweli koo linapona. Lakini kwa watoto wengine, wiki mbili ama tatu nyuma yake, mwili uliokuwa unapigana na vijidudu unaanza kujipiga wenyewe. Magoti yanavimba, homa inapanda, na vali za moyo zinaumia. Hiyo ndiyo homa ya rumatizimu. Ikirudi mara kwa mara, vali zinakuwa ngumu, zinashikana, ama zinavuja. Miaka inapita. Yule mtoto sasa ni kijana. Akipanda toka Moba-Port kuja huku juu anasimama njiani mara kumi, pumzi hakuna, miguu imevimba. Watu wanaanza kusema amelogwa. Hapana. Ni koo la zamani.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linahesabu kwamba zaidi ya watu milioni 40 duniani wana ugonjwa huo wa moyo, na kila mwaka unaua zaidi ya watu 300,000. Wengi wao wanakaa katika inchi maskini. Dawa ya kuuzuia ni ya bei ndogo, ndiyo penisilini, ikitolewa mapema. Lakini vali ikiisha kuharibika sana, kidonge hakiwezi kuinyoosha. Inapashwa kutengenezwa ama kuwekwa nyingine mahali pake, na hiyo ni kazi ya mpasuaji wa moyo.

Mpasuaji huyo hayuko Kirungu, wala hayuko Kalemie. Mgonjwa wetu anapashwa kuvuka ziwa ama kupanda ndege, na mafranga ya safari ile jamaa nyingi hazina. Basi swali la nani anafundishwa kupasua moyo, na wapi, si swali la Wazungu peke yao. Ni swali la yule kijana anayepanda mlima.

2. KAZI YENYEWE IKO NAMNA GANI

Zamani wapasuaji waliogopa kugusa ndani ya moyo. Na walikuwa na sababu: utashona namna gani kitu kinachoruka-ruka na kimejaa damu? Tarehe 6 mwezi wa tano 1953, huko Philadelphia, Marekani, munganga John Gibbon alifungua moyo wa msichana mmoja wa miaka 18, umri wangu mimi leo. Kwa dakika 26 mashini ilifanya kazi yote ya moyo na ya mapafu yake: ilipokea damu, ikaipa oksijeni, ikairudisha mwilini. Msichana akapona. Tangu siku ile kazi ya kupasua moyo ilipata njia.

Kwa kifupi inakwenda hivi. Mgonjwa analazwa usingizi. Mfupa wa katikati ya kifua unakatwa kwa msumeno. Mipira miwili inaingizwa, mmoja wa kutoa damu na mmoja wa kuirudisha, na mashini inaanza kuzunguka. Kisha moyo unasimamishwa kwa maji ya dawa yenye potasiamu. Sasa moyo umetulia, na mpasuaji anaweza kushona. Lakini tangu hapo saa inamkimbiza, kwa sababu moyo uliosimama hauwezi kungojea siku nzima.

Na kushona kwenyewe si kama kushona suruali. Mishipa inayolisha moyo iko na upana wa milimita mbili hivi. Uzi wake ni mwembamba kama unywele. Sindano imepinda kama mwezi mchanga na haishikwi kwa vidole. Inashikwa kwa koleo ndogo. Ukiacha nafasi kubwa kati ya tundu na tundu, damu itavuja. Ukikaza mno, mshipa utabanwa na damu haitapita. Mkono ukitetemeka, mshipa utapasuka. Yote hiyo mtu anaweza kuiandika katika kaye yake na kuikumbuka kwa egzamini, lakini mikono yake bado haijui kitu. Mikono haijifunzi kwa kusikia. Inajifunza kwa kurudia, na mtu wa kuisahihisha akiwa karibu.

Hapo ndipo shida inapolala. Kwa desturi mwanafunzi alisimama kando ya mwalimu wake miaka mingi, akitazama, kisha akipewa sindano kidogo kidogo. Mahali ambapo wagonjwa wanaopasuliwa ni wachache na walimu ni wachache zaidi, zamu ya mwanafunzi inachelewa sana. Tena siku zamu ikifika, jaribio lake la kwanza linafanyika juu ya mtu mwenye uhai, mtoto wa mtu.

3. VYOMBO VYA MAZOEZI

Watu waliopata akili ya jambo hili mapema walikuwa watu wa ndege. Rubani akikosea mara moja hana nafasi ya kurudia. Katika mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza ndege ya kukaa chini, isiyoruka hata kidogo. Jamaa yake walikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya kanisa. Basi alichukua mivuo ya kinanda, ile inayovuta na kusukuma upepo, akaiweka chini ya sanduku lenye kiti na usukani. Mwanafunzi akivuta usukani, sanduku linainama kama ndege. Akikosea, anacheka na kuanza tena. Chombo cha namna hii kinaitwa simulata, maana yake chombo cha kuiga kazi ya kweli mahali pasipo na hatari.

Wapasuaji walifuata njia ile ile polepole. Mbele ya plastiki na kompyuta walizoeza mikono yao juu ya wanyama. Hapa Afrika tunapashwa kujua jina la Hamilton Naki. Aliingia Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani. Kisha akaitwa kusaidia katika nyumba ya majaribio ya wanyama, na mikono yake ikawa mizuri hata akawafundisha wanganga wenye diploma namna ya kushona mishipa na kuhamisha maini ya wanyama. Chuo kilimpa digrii ya heshima mwaka 2003, na alifariki mwaka 2005. Mtu huyu hakusoma chuo cha uganga. Alirudia, akarudia.

Siku hizi vyombo vya kujifunzia moyo ni vya aina nyingi. Nitataja tatu.

(a) Kisanduku cha kushonea. Ni ubao mdogo, na vibano vya kushika vipande viwili vya mpira mwembamba kama mshipa. Mwanafunzi anaunganisha mpira na mpira kwa sindano ya kweli na uzi wa kweli. Chuo cha Stanford huko Marekani, chini ya munganga James Fann, kiliwapa wanafunzi visanduku kama hivyo waende navyo nyumbani. Mwaka 2008 walitangaza matokeo: nyuma ya mazoezi wanafunzi walishona upesi zaidi na vizuri zaidi. Chombo hiki hakiombi umeme wala jengo.

(b) Moyo wa nguruwe. Katika Jamaika, kisiwa kidogo, munganga Paul Ramphal na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies walichukua moyo wa nguruwe wa machinjioni, wakatia ndani yake puto zinazojazwa na kuachiliwa kwa amri ya kompyuta. Basi moyo uliokufa ukaanza kupiga tena! Walipitisha maji mekundu ndani ya mishipa yake kama damu. Mwaka 2005 waliandika habari zake, na nyuma yake vyuo vikubwa vya Marekani vilikuja kuutumia. Angalieni vema: chombo hiki kilitoka inchi ndogo kwenda inchi kubwa, na hatukuzoea kusikia mambo yakienda njia ile.

(c) Moyo wa kuchapwa. Huko Toronto, Kanada, katika hospitali ya watoto, munganga Shi-Joon Yoo na wenzake wanapiga picha za moyo wa mtoto mgonjwa kwa skana, kisha mashini inachapa moyo ule ule kwa kitu laini kama mpira, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo linatimia. Tundu alilozaliwa nalo mtoto liko mahali pake. Mwanafunzi anaushika, anaukata, anaushona. Na mwenzake akitaka kujaribu, wanachapa mwingine.

4. SASA MWALIMU IKO MBALI: INAKWENDAJE?

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Tarehe 7 mwezi wa tisa 2001, munganga Jacques Marescaux alikaa New York akamtoa mama mmoja kibofu cha nyongo, na mama yule alikuwa amelala Strasbourg, Ufaransa. Mikono ya mashini ilifuata mikono yake kwa waya wa chini ya bahari. Hiyo ni kupasua toka mbali. Inaomba mashini za bei kali sana, nami siisemi hapa. Mimi nasema kufundisha toka mbali, na hakuna mgonjwa yeyote mezani. (Lakini mjue kwamba chuo cha munganga huyo, IRCAD, kilifungua tawi Kigali mwaka 2023, kufundisha Waafrika kupasua kwa matundu madogo. Kigali si mbali nasi kama Strasbourg.)

Kufundisha toka mbali kunafuata hatua hizi:

Ya kwanza: mwanafunzi na mwalimu wanapashwa kuwa na kisanduku kilicho sawasawa, koleo sawasawa, uzi sawasawa. Bila hivyo mmoja anasema kitu, mwingine anaona kingine.

Ya pili: mwanafunzi anapata filamu fupi ya mwalimu akifanya kazi polepole. Anaitazama mara nyingi mbele ya kugusa sindano.

Ya tatu: kamera, hata ya telefone, inafungwa juu ya mikono ya mwanafunzi. Uso wake hauna kazi hapo. Vinavyotakiwa ni vidole, sindano na mpira.

Ya nne: mwalimu anatazama. Rezo ikiwa nzuri anatazama saa ile ile na kusema, "Simama. Geuza kiganja. Sindano iingie wima, usiilaze." Rezo ikiwa mbaya, mwanafunzi anapiga filamu, anaituma usiku wakati mega zinapita vizuri, na mwalimu anamjibu kesho yake. Wengi wanadhani namna hii ya pili ni ya kimaskini. Lakini iko na faida yake: mwalimu anaweza kurudisha filamu nyuma, na mwanafunzi anaweza kuyatazama makosa yake mara tano.

Ya tano: mwalimu hasemi tu "vizuri" ama "vibaya". Iko na orodha ya kupima. Huko Toronto, katika miaka ya 1990, Richard Reznick na wenzake walitengeneza orodha ya namna hiyo: je, anauheshimu mwili anapoushika? Je, mikono inakwenda bila kupoteza mwendo? Je, anajua hatua inayofuata? Kila swali lina maksi. Hivyo walimu wawili wasiojuana wanaweza kumpima mtu mmoja na kupatana.

Ya sita: jaribio la maji. Mpira ulioshonwa unajazwa maji. Ukivuja, unavuja mbele ya macho ya wote. Mwalimu anaweza kukuhurumia, lakini maji hayana huruma.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga njia, walimu wengi wa upasuaji walishika njia hii kwa lazima: vifaa vilitumwa nyumbani kwa wanafunzi, masomo yakapita kwa kamera. Jambo lililoanza kwa shida likabaki kuwa desturi.

Faida nyingine ya chombo ni kwamba mwalimu anaweza kuleta balaa kwa kusudi. Katika vyuo 8 vya Marekani wanafunzi 27 walifuata programu ya masomo 39 juu ya moyo wa mazoezi, habari zake zikaandikwa mwaka 2017. Pamoja na kazi za kila siku walifundishwa balaa tatu: upepo kuingia katika mipira ya mashini, mshipa mkubwa kuchanika ghafula, na moyo kulegea nyuma ya kushonwa. Balaa kama hizi mwanafunzi anaweza kukaa miaka asizione. Kisha siku moja inatokea, na dakika za kufikiri hazipo. Heri aliyekwisha kuiona kwa moyo wa nguruwe.

5. JE, INASAIDIA KWELI?

Hapa mtu ataniuliza: "Kushona mpira kunaweza kuponya mtu?" Swali ni la haki. Nitajibu kwa mambo mawili yaliyopimwa.

La kwanza ni la Chuo cha Yale, mwaka 2002. Wapasuaji wanafunzi 16 waligawanywa kwa kura: nusu walizoezwa kwa mashini ya kompyuta, nusu hawakuzoezwa. Kisha wote walitoa kibofu cha nyongo kwa wagonjwa wa kweli, chini ya uangalizi. Waliozoezwa walifanya sehemu yao ya kazi upesi zaidi kwa asilimia 29, na wenzao walikosea mara sita zaidi yao.

La pili liko karibu nasi, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Si la moyo, ni la watoto wachanga wanaozaliwa bila kupumua. Wakunga walipewa mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtoto, wajizoeze kumpa pumzi kwa mfuko na kifuniko cha uso. Katika hospitali 8 za Tanzania vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Ilitangazwa mwaka 2013.

Lakini sikieni jambo lililotokea katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inchi ile ile ya Tanzania, maana ndilo fundisho lenyewe. Pale wafanyakazi walifundishwa siku moja nzima. Nyuma ya siku ile walimshughulikia mwanasesere vizuri sana. Lakini wachunguzi walipotazama chumba cha kuzalisha, kazi juu ya watoto wa kweli haikubadilika! Watu hawakukata tamaa. Walibadili desturi: badala ya siku moja ndefu, wakafanya mazoezi mafupi, ya dakika chache, mara kwa mara, pale pale kazini. Ndipo kazi ikabadilika, na vifo vikapungua.

Kwa hiyo chombo peke yake hakifundishi, na semina ya siku moja pamoja na soda na picha haifundishi. Kinachofundisha ni kidogo kidogo, kila mara, na mtu wa kusahihisha. Na hapo ndipo mwalimu wa mbali anapopata nguvu. Mgeni anayekuja kwa ndege anakaa wiki moja na kurudi kwao. Mwalimu wa telefone anaweza kukutazama kila Jumanne mwaka mzima.

6. MAHALI INAPOFIKA MWISHO

Nimeahidi kusema mipaka. Ni hii.

Mpira hautoki damu. Haufi. Mtu anayeshona mpira hana jasho la yule anayeshona moyo wa mtoto huku mama yake anangojea mlangoni. Kutoka kisanduku mpaka chumba cha kupasulia kuna safari ya miaka mingi, na safari hiyo mtu haifanyi kwa telefone. Anapashwa kusimama kando ya mpasuaji mwenye mikono ya kweli.

Tena mpasuaji wa moyo hafanyi kazi peke yake. Kuna anayelaza usingizi, anayeendesha mashini ya damu, wauguzi wa mezani, wauguzi wa kulinda mgonjwa usiku. Kuna umeme usiozimika, damu ya akiba, oksijeni. Ukifundisha mtu mmoja na kumrudisha mahali pasipo na hayo, umemfanya kuwa rubani asiye na ndege.

Ndiyo maana tunapashwa kutazama mahali ambapo jambo zima limesimama, na mahali hapo pako, wala si Ulaya tu. Tanzania ilianza kupasua moyo pale Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008. Mbele yake wagonjwa walipelekwa inchi za mbali, hasa India. Tangu 2015 kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Uganda ilifanya upasuaji wake wa kwanza wa moyo wazi mwaka 2007, Kampala. Rwanda ilipokea tangu 2008 wapasuaji wa Team Heart waliotoka Boston, wakifanya kazi pamoja na wenyeji katika hospitali ya King Faisal, Kigali. Na katika Kenya, kule Bomet, hospitali ya misioni ya Tenwek, ya mashambani kama sisi, iliyoanza mwaka 1937, imekuwa tangu 2018 ikifundisha Waafrika kuwa wapasuaji wa moyo. Tenwek si mji mkubwa. Jambo hilo nawaomba mlikumbuke.

Basi nafasi ya chombo cha mazoezi ni hii: kinafupisha njia, hakiiondoi. Mwanafunzi anayefika Dar es Salaam ama Tenwek na mikono iliyozoea hatapoteza mwaka wa kwanza kujifunza namna ya kushika koleo. Na nyuma ya kurudi kwake nyumbani, mwalimu wake anaweza kuendelea kumwona.

7. SISI TUNAWEZA KUANZA NA NINI?

Usiniambie tunangojea chuo. Mambo matatu yako hapa hapa.

Kwanza, koo. Ninyi wa kalasi za chini, na sisi tunaolala internati pamoja nanyi: mwenzenu akiumwa koo na homa siku mbili, asifiche. Aende kwa muuguzi. Asinunue vidonge viwili vya sokoni. Muuguzi ndiye anayejua kama ni penisilini inatakiwa, na siku ngapi. Vali inayolindwa leo haitahitaji mpasuaji kesho.

Pili, mikono. Wavuvi wa Moba wanaofuma nyavu wana vidole ambavyo munganga mwanafunzi angevitamani. Wasichana wanaofuma vitambaa, vijana wanaotengeneza redio, hao nao wako katika shule ya mikono. Katika shule yetu watu wanaocheka kazi za mikono wajue kwamba wanacheka mlango wa upasuaji.

Tatu, moyo wa mbuzi. Mkiomba wachinjaji waache moyo mzima bila kuukata, mtaona mambo yote niliyoandika. Fanyeni hivi: ondoeni vyumba viwili vya juu kwa kisu kikali. Mimineni maji katika chumba cha chini cha kushoto, kile chenye ukuta mnene, mpaka kijae. Sasa kibonyezeni taratibu kwa mkono. Mtaona ngozi mbili nyembamba, nyeupe, zikiinuka na kukutana katikati, zikifunga mlango. Chini yake ziko nyuzi nyeupe zinazozishika kama kamba za hema zisipinduke. Ile ndiyo vali inayoharibiwa mara nyingi na homa ya rumatizimu. Kisha kateni kipande cha mshipa mkubwa, mkigawanye mara mbili, mjaribu kukiunganisha kwa sindano na uzi wa kawaida. Mtieni maji. Mtaona yatakavyovuja! Shoneni tena.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa Biologia, nashauri tufanye hivyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nusu saa tu, nyuma ya kazi za usafi. Anayetaka aandike jina lake kwangu, kalasi ya mwisho Biokimia; bei ya moyo tutaigawana. Na mwenye telefone nzuri aje nayo, tupige filamu ya mikono, kila mtu ajione. Tutafanya jaribio la maji mbele ya wote.

Mkubwa wa wanafunzi,
Kalasi ya mwisho, Biokimia
Kirungu